Miaka Yangu Katika Gari la Nyuma

Funguo nimeshazikabidhi. Ziko kwenye ndoano ya jikoni kwa Madam Suad, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, na anayezitumia sasa ni Zawadi, binti wa Kilifi, dereva mzuri ila anapenda muziki kuliko kioo cha nyuma. Zawadi, haya nimekuandikia wewe na wenzako wa Jeddah na Riyadh mnaowafuata wanawake wa baiskeli kwa gari. Kazi hii haina chuo. Mshahara wangu sitautaja: mkiujua mtacheka, na mkimaliza kucheka mtakumbuka wenu.

Niliingia Saudia kama wengi wenu, kwa mlango wa jikoni. Kabla ya hapo nilikuwa nauza kabichi na nyanya sokoni Voi, na soko lilinifunza mambo mawili. Bei ya kwanza ni salamu tu. Na kila kitu kihesabiwe mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa kidole, kwa sababu macho hupenda kukubaliana na mwenye mali.

Siku ya kwanza nilionyeshwa jiko, chumba changu, mashine ya kufulia, na mwisho wa ukumbi nikaona baiskeli imefungwa kwenye vyuma, haiendi mbele wala nyuma. Jioni Madam akaipanda. Akapiga pedali mpaka jasho likamtiririka kwenye viwiko, kisha akashuka pale pale alipopandia. Nilidhani ni adhabu, nikawa najiuliza amekosa nini. Baadaye nikazoea kuja na kitambaa kupangusa sakafu, na siku moja nikathubutu kuuliza.

"Madam, huwa unakwenda wapi?"

"Ufaransa," akasema, bila kutabasamu, na akanigeuzia kioo cha picha kilichokuwa mbele yake. Palikuwa na barabara nyembamba inapanda kati ya mashamba ya mizabibu, na baiskeli ilikuwa inakuwa nzito kila barabara inapoinuka. Basi mimi nilipangusa sakafu ya Ufaransa miaka mingi kabla sijaiona.

Halafu mambo yakaanza kufunguka. Wanawake wakaruhusiwa kuendesha magari. Madam akapata leseni, na kabla wino haujakauka akanipeleka na mimi nikaitafute yangu. Haikuwa hisani. Alitaka kuitoa baiskeli ukumbini, na hangeweza kuitoa bila mtu wa kumfuata nyuma.

Asubuhi yetu ya kwanza kwenye Kornishi, barabara ya ufukweni Jeddah, mara baada ya sala ya alfajiri, walikuwa wanawake watano, suruali pana, hijabu chini ya kofia ngumu. Madam akaja dirishani kwangu. "Meri, kaa karibu. Nataka nisikie joto la injini mgongoni."

Na alikuwa na sababu. Vijana walipita na magari yao. Mmoja anapiga honi ya kupongeza, wa pili anapiga honi ya kutukana, wa tatu anajisogeza kando ya baiskeli ili mwenzake apige picha. Kwa nje honi zote tatu zinafanana. Gari langu ndilo lilikuwa ukuta. Nilikaa karibu mpaka nikawa nasoma maandishi ya tairi, taa zote zinawaka, na honi ikilia nyuma nasogea zaidi. Tuliita kufunika. Mtu anapigiwa honi, anafunikwa. Tulifanya hivyo Jeddah, na tulipokwenda Riyadh kuungana na wenzao wa bonde la Wadi Hanifa tulifanya hivyo hivyo.

Riyadh ndiko nilikokutana na Munira, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, mwembamba kama spoku na hachoki. Ulimi wake pia hauchoki. "Meri, unaendesha kama wifi anayepeleleza," aliniambia siku ya kwanza. "Utanipumulia mpaka nyumbani?"

"Nikikuacha utasema nimelala."

"Nikifa utasema nilikimbia sana. Sogea, sogea, nakutania."

Ufundi wa baiskeli nilifunzwa na Tesfai, Mueritrea mwenye karakana mtaa wa Al-Baghdadiyah, chumba kipana kama kitanda. Alikuwa mzee wa mashindano ya milima ya juu ya Asmara, na alipogundua ninatoka kwenye milima ya Taita akaniona kama mtu wa ukoo. Tulipatana kabla ya somo la kwanza. Alitaka chapati za moto kila Ijumaa. Nikamwambia za moto huliwa na wenye nyumba. Mimi nina za baridi. Akataka maharage juu yake. Nikasema maharage siku ya kufunza kitu kigumu tu. Akanipa mkono, na toka siku hiyo kila kitu kwake kikawa kigumu.

Alinifunza kuvua tairi kwa vipande viwili vya plastiki bila kutoboa tyubu, kusikiliza cheni kabla ya kuigusa, na kupapasa tairi kwa ndani kwa vidole vitatu kabla ya kuweka tyubu mpya, maana kijiti kilichotoboa ya kwanza bado kimo humo kinangoja ya pili. Siku alipokula maharage mengi zaidi alinieleza breki. Akazungusha gurudumu, akabana breki bila kuachia, kisha akadondoshea tone la maji kwenye rimu. Likachemka.

"Umeona? Kupanda mlima kunaumiza mapafu. Kushuka ndiko kunaua. Mtu wa mlimani anagusa breki, anaachia, anagusa, anaachia. Mtu wa tambarare anabana juu mpaka chini kwa woga, rimu inakuwa sufuria, tairi linapasuka."

"Na gari la nyuma?"

"Wakipanda, kaa karibu wakuone, wapate moyo. Wakishuka, potea. Anayeanguka husimama hapo hapo. Gari halisimami hapo hapo."

"Madam hatakubali."

"Madam ni wa Jeddah. Jeddah ina mlima gani, daraja la barabara kuu?"

Ijumaa moja nilifika na chapati nikakuta kufuli jipya mlangoni. Muuza maji wa jirani akasema karatasi za Tesfai zilikuwa zimekwisha muda mrefu na polisi wamekuja kumchukua. Mafi, hayupo tena. Kapelekwa wapi? Mafi. Nilikula chapati zile mwenyewe ndani ya gari.

Kiangazi cha mwaka huo ndipo safari ya kwanza ya Ufaransa ikawa. Kafili wangu, yaani mdhamini wangu, baba wa nyumba, alitia sahihi karatasi ya kutoka na kurudi, ubalozi ukanihoji kama nitarudi, nikasema nguo zangu zote ziko Al-Nuzha. Tukashuka kusini mwa Ufaransa, vilima vya Ardèche, tukapanga nyumba ya shamba yenye kuta za mawe.

Njia za huko mzijue hivi. Si milima mirefu ya kutangazwa. Ni vilima visivyokwisha. Unapanda katikati ya miti ya njugu zenye maganda ya miiba, kivuli kizuri, unafika juu, upepo, ng'ombe wanakutazama, kisha barabara inateremka kona baada ya kona mpaka mtoni, na ng'ambo ya mto inapanda tena. Barabara ni pana kama gari moja na aibu kidogo. Upande mmoja jiwe, upande mmoja hewa. Msipange njia kwa urefu, pangeni kwa miteremko: ulizeni kona ngapi zimejificha, lami imepasuka wapi, mvua ilinyesha lini, maana mvua huteremsha changarawe na kuziacha kwenye kona za ndani. Mimi nilikuwa naipita njia kwa gari siku moja kabla, nashuka, napiga teke changarawe. Maji chukueni asubuhi, kwa sababu Mfaransa akifunga duka mchana, hata ukifa mlangoni atakuruka kwenda kula. Kila njia panda hesabuni vichwa, na mkimaliza hesabuni tena.

Kupanda walipanda vizuri ajabu, Munira mbele kama mbuzi. Kushuka walibana breki kama Tesfai alivyoniambia. Nilisimama chini na chupa nikadondosha maji kwenye rimu zao mmoja mmoja, yakachemka, wakashangaa, na kesho yake wakabana vile vile. Woga haufundishwi kwa tone la maji. Na Madam alitaka gari karibu, mlima au bonde. Nilijaribu kupatana. Nikaomba umbali wa nyumba tatu, akakataa. Nikaomba nyumba mbili, akasema, "Meri, hapa si sokoni." Basi nikawa nasema gari linakohoa, linakosa nguvu, na kila mteremko nikabaki nyuma nikiomba radhi kwenye redio ya mkononi niliyosemezana nayo na Madam. Madam akalalamika kwa wenye gari mara tatu. Walibadilisha plagi mara tatu.

Mwaka uliofuata kundi likaongezeka, na Madam akaleta dereva wa pili ili mimi nikae kiti cha kando na vyuma na tyubu, tayari kuruka. Dereva huyo alikuwa Rukia, Mtanzania wa Tanga, mnyenyekevu, mkono laini kwenye usukani, mtu ambaye hata gia alikuwa anaiomba. Alikuwa na mama mmoja Tanga na hakuna siku aliyokosa kumpigia. Nilimweleza habari ya kushuka. Nilimweleza pia habari ya kikohozi.

"Dada," akasema, "madam kasema karibu. Mie nikimdanganya na akajua, nitamtazama vipi?"

"Utamtazama kama mimi ninavyomtazama."

"Jamani, dada. Wewe ni mtu wa soko. Mie nimelelewa madrasa."

Tukapatana basi: kwenye mteremko ataacha nafasi ndogo ndogo, kila siku inaongezeka kidogo, mpaka Madam azoee bila kuambiwa. Ikaenda vizuri. Nafasi ikakua kama mtoto wa kunyonya.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku na lami ilikuwa bado na madoa ya maji. Wengine walishateremka, Madam akiwa wa mwisho wao, kona kadhaa chini yetu. Munira alisimama juu kuvaa koti, kwa hiyo aliteremka peke yake na sisi nyuma yake, mbali vya kutosha. Nyuma yetu likaja gari kubwa la watalii, lile la kulala humo humo. Kabla ya kila kona iliyojificha lilipiga honi. Zawadi, lishike hili: katika vilima vile honi kabla ya kona ni adabu. Ni mtu anasema, nipo, ninakuja, jihadhari. Hakuna anayetukanwa.

Lakini bonde lile hubeba sauti. Madam, kule chini, hakuona gari. Alisikia honi, tena na tena, na Munira yuko peke yake juu. Akasikia Kornishi. Redio ikalia mapajani mwangu.

"Garribi, Rukia! Garribi! Sogea! Mfunikeni Munira!"

Nikabonyeza nikasema, "Madam, ni watalii tu, wanasalimia."

"Garribi! Yalla! Mwanamke yuko peke yake!"

Rukia akanitazama. Nikasema, "Usisogee." Redio ikapiga kelele mara ya tatu, Madam akimwita kwa jina. Rukia akasogea.

Tairi la mbele la Munira lilipasuka kwenye kona. Mlio ulikuwa mdogo. Akaanguka upande wa ndani, juu ya changarawe, akabaki hapo hapo alipoangukia. Rukia alikanyaga breki kwa miguu yote miwili na gari likateleza lilivyotaka. Tulipita juu ya mguu wake. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilikuwa na mshipi wa kiunoni, nikaufungia juu ya goti lake nikakaza kwa spana, na Rukia alikaa chini kwenye lami akisema shahada kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja anwani.

Wakaja zimamoto, ndio wanaobeba wagonjwa huko, wakaita helikopta. Wakaja polisi wa mashambani. Walichukua leseni ya Rukia na pasipoti, wakamketisha nyuma ya gari lao la buluu. Mguu wa kushoto wa Munira ulikatwa chini ya goti mchana huo huo.

Madam alinikuta jikoni kwenye nyumba ya shamba. Bado alikuwa na kofia ngumu kichwani. Wanawake wengine walikuwa sebuleni, ameshazungumza nao.

"Meri. Redio ilikuwa imezimwa. Wote tutasema hivyo."

"Haikuzimwa, Madam. Ilikuwa mapajani mwangu."

"Basi ulikuwa umesinzia. Rukia alisogea mwenyewe. Dereva ni yeye."

"Watamfunga."

"Hawatamfunga. Ni ajali." Akakaa, akasimama tena. "Mama yake Munira alinishika mikono hii uwanja wa ndege Riyadh. Alisema, nimekupa mwanangu. Ndugu zake hawakutaka aje. Unajua nikisema niliita mimi, nitaingia nyumba gani tena? Hakuna mama atakayenipa binti yake. Kundi lote limekwisha, halas."

Nilimwamini. Hayo ndiyo magumu yake: hakuwa anasema uongo kwa ajili yake peke yake. Akaendelea, "Nitakupa karatasi. Uhame, uende kwa kafili yeyote umtakaye, Jeddah, Riyadh, popote. Miaka yote hii hujawahi kuomba."

Mimi ni mtu wa soko. Anayetaja bei kubwa haraka ana haraka. Nikamletea bei yangu. "Madam, sema uliita kwa sababu uliogopa. Mimi nitasema honi zilitisha, na zilitisha kweli. Kuogopea mtu si kosa. Mzigo ukigawanywa mara mbili Rukia atarudi kwa mama yake na wewe utaweza kumtazama mama wa Munira."

Alifikiri. Naapa alifikiri, alianza kuvua kofia. Kisha simu yake ikalia mezani, kutoka Riyadh, kwao Munira. Tuliitazama wote wawili mpaka ikanyamaza.

"Siwezi, Meri," akasema, na akaenda sebuleni.

Kesho yake niliandikisha maelezo. Mkalimani alikuwa mwanamke wa Kitunisia mwenye duka la nguo mjini, Kiarabu chake cha mbali na changu cha jikoni vikakutana katikati. Nilisema nilichosikia, neno kwa neno. Wakaniomba nirudie, nikarudia, halikubadilika. Wanawake saba wa kundi walikuwa wamesema redio ilikuwa imezimwa. Munira alipozinduka alikumbuka koti, hakukumbuka kingine.

Ofisa, mwanamume mwenye subira, akauliza, "Usukani ulikuwa na nani?"

"Rukia."

"Kuna aliyemshika mkono?"

"Hapana."

"Basi?"

"Aliyemwita ndiye anayemshikia ikama. Akisema sogea, si ombi."

Mtunisia alikaa muda mrefu akitafuta namna ya kusema ikama, kibali cha kuishi kilicho mikononi mwa mwajiri, kwa Kifaransa. Sijui kama aliipata. Ofisa aliandika mstari mmoja.

Mstari ule ulitupa nusu. Rukia hakufungwa. Alihukumiwa kifungo kisichotumikiwa, akanyang'anywa ruhusa ya kuendesha huko, na jina lake peke yake likabaki kwenye jalada. Madam hakuulizwa tena, na kundi lipo mpaka leo, ndiyo maana Zawadi ana kazi. Nimepatana vitu vingi maishani nikaondoka na nusu nikiimba. Ile niliibeba kimya.

Jeddah hakuna aliyenipigia kelele. Madam alinishukuru kwa kila kikombe cha chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilijua maana yake. Ikama yangu haikufanywa upya. Nyumbani wanaita kustaafu. Sibishani nao, umri unaruhusu. Karatasi ya Rukia ya kuondoka, ile isiyo na kurudi, ilitoka wiki moja na yangu.

Sasa Zawadi, ukishuka mlima, potea. Redio ikisema sogea na barabara inasema usisogee, isikilize barabara, redio utaiomba radhi chini. Sikuahidi kwamba hutalipia.

Mimi na Rukia tulikwenda uwanja wa ndege pamoja, mimi wa Mombasa kupitia Nairobi, yeye wa Dar. Kwenye viti vya kungojea akasema, bila kuniangalia, "Dada, uliponambia nisisogee nilijua unasema kweli. Nilijua, na mguu wangu ukasogea."

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, anauliza kama ameshapanda. Rukia akaiweka kifuani, akanong'ona, "Nimemwambia mkataba umekwisha. Ananiuliza kwa nini nalia. Zungumza naye wewe, mie siwezi."

Nikaipokea. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye dada Meri? Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu, mama. Mkataba umekwisha, analia kwa kuagana na watu."

"Alhamdulillahi. Kafanya kazi vizuri lakini? Hakumuudhi mtu?"

"Hakumuudhi mtu, mama," nikasema. "Alikuwa anafanya kila alichoambiwa."